Bwawa la Jua: Umeme Kutoka Maji ya Chumvi, na Nafasi Yake Karatu na Ngorongoro

Bwawa la jua ni bwawa la maji ya chumvi lililotengenezwa ili linase joto la jua na kulitunza chini, badala ya kuliacha lipotee hewani kama yafanyavyo mabwawa ya kawaida. Joto hilo hufika nyuzi 70 hadi 90 za Selsiasi. Linaweza kutumika lilivyo, kwa kupasha maji, kukausha mazao au kutenganisha maji baridi na chumvi. Likipitishwa kwenye mashine maalumu, linaweza pia kuzungusha jenereta na kufua umeme. Kwa hiyo bwawa hufanya peke yake kazi ambazo kwenye mfumo wa sola zimegawanywa kati ya paneli na betri: hukusanya nishati mchana, na hutoa nishati usiku na siku za mawingu.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, zina vitu viwili ambavyo teknolojia hii huvihitaji kabla ya vingine, navyo ni jua la karibu na ikweta na maziwa ya chumvi na magadi. Zipo Eyasi, Natron, Ndutu na Ziwa Magadi lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro, na Manyara iko jirani. Lakini kuwa na jua na chumvi hakutoshi kuwasha taa. Makala haya yanaeleza bwawa la jua linavyofanya kazi, linavyojengwa na kutunzwa, kisha yanapima kwa hesabu iwapo linaifaa nyumba moja ya Karatu.

Chanzo na historia

Bwawa la jua liligunduliwa kabla ya kubuniwa. Mwaka 1902 mwanasayansi Alexander von Kalecsinsky alieleza habari za Ziwa Medve huko Transylvania, eneo ambalo leo ni la Romania. Mwishoni mwa kiangazi maji ya ziwa hilo yalifika nyuzi 70 katika kina cha mita 1.32, ilhali juu yalikuwa ya vuguvugu tu. Sababu ilikuwa tabaka la maji yasiyo na chumvi nyingi lililokaa juu ya maji mazito ya chumvi. Afrika Mashariki nayo ina ziwa la namna hiyo. Mwaka 1972 John Melack na Peter Kilham walichapisha maelezo ya Ziwa Mahega, ziwa dogo la chumvi magharibi mwa Uganda, ambalo maji yake ya chini ya uso yana joto kuliko yale ya juu.

Wazo la kujenga ziwa kama hilo kwa makusudi lilitolewa na Rudolph Bloch mwaka 1948 katika eneo la Bahari ya Chumvi, na likaendelezwa na Harry Tabor nchini Israeli. Mwaka 1979 bwawa la Ein Bokek, lenye ukubwa wa mita za mraba zipatazo 7,000, lilianza kuendesha mtambo wa kilowati 150. Mwaka 1984 likafuata la Beit HaArava, lenye zaidi ya hekta 20 na mtambo wa megawati 5. Lilizimwa miaka michache baadaye, wakati bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshuka na umeme wake haukuweza kushindana.

Huko El Paso, Texas, chuo kikuu cha mji huo kiliendesha bwawa la mita za mraba zipatazo 3,000 kando ya kiwanda cha kusindika vyakula. Lilikipa kiwanda joto, likafua umeme kuanzia mwaka 1986, na mwaka uliofuata likatumika kusafisha maji ya chumvi. Huko Bhuj, jimbo la Gujarat nchini India, bwawa la mita za mraba 6,000 lilijengwa kwa ajili ya kiwanda cha maziwa, na kazi yake ilikuwa maji ya moto. Pyramid Hill, Australia, nako joto la bwawa lilipelekwa kwenye uzalishaji wa chumvi. Ukizipanga kazi hizi kwa miaka unaona mwelekeo: waliotangulia walitaka umeme, waliofuata walitaka joto.

Matabaka matatu

Katika bwawa la maji baridi, jua hupasha maji ya chini, maji hayo huwa mepesi, hupanda juu na kulitoa joto lake kwenye hewa ya usiku. Bwawa la jua huzuia kupanda huko kwa kuyafanya maji ya chini kuwa mazito. Chumvi ikiwa nyingi chini, maji hubaki mazito kuliko ya juu hata yakikaribia kuchemka.

Tabaka la juu, lenye unene wa sentimita 30 hadi 50, ni la maji yenye chumvi kidogo sana, na joto lake hukaribia lile la hewa. Tabaka la katikati, la mita moja hadi moja na nusu, huongezeka chumvi hatua kwa hatua kadiri unavyoshuka. Maji yake hayapandi wala hayashuki, hivyo joto haliwezi kubebwa nayo, na huvuja polepole tu kwa kupitishana. Tabaka hili ndilo blanketi la bwawa. Tabaka la chini, la mita moja au zaidi, lina chumvi ya asilimia 20 hadi 25 na ndilo ghala lenyewe. Maji yake yanaruhusiwa kuchanganyika yenyewe kwa yenyewe, maana joto linatakiwa lienee ndani yake sawasawa.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa chombo cha kioo. Yeyusha chumvi ya kutosha kwenye maji ya moto, tia rangi, mimina yafike nusu ya chombo. Kisha elekeza maji baridi juu ya kifuniko kinachoelea, pole pole sana. Maji ya rangi yatabaki chini ingawa ni ya moto. Ukirudia bila chumvi, rangi hupanda na kuenea mara moja.

Kutoka joto hadi umeme

Mvuke wa maji wa nguvu inayotosha mitambo ya kawaida hauwezi kupatikana kwa nyuzi 80. Karatu, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji yenyewe huchemka karibu na nyuzi 95. Kwa hiyo maji ya chumvi ya moto huvutwa kwa pampu kutoka chini ya bwawa na kupitishwa kwenye kibadilisha joto, ambamo hupasha kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, kama pentani au gesi za jamii ya zile za friji. Mvuke wa kimiminika hicho huzungusha turbini, kisha hupozwa kwa maji ya tabaka la juu, hurudi kuwa kimiminika na kuanza mzunguko upya. Maji ya chumvi nayo hurudishwa chini taratibu ili yasichafue matabaka.

Turbini za namna hii Afrika Mashariki inazifahamu. Tabor na mhandisi Lucien Bronicki ndio waliozifanyia kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya Ormat, ambayo Bronicki aliianzisha mwaka 1965, ndiyo inayoendesha mitambo ya jotoardhi ya Olkaria III karibu na Naivasha, Kenya. Olkaria joto hutoka ardhini, na bwawani hutoka juani, lakini kanuni ya mashine ni moja.

Kanuni hiyo ina kikomo kisichokwepeka. Sehemu ya joto inayoweza kugeuka kuwa nguvu hutegemea tofauti kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Kwa nyuzi 80 chini na 20 juu, kikomo cha nadharia ni asilimia 17. Mashine halisi hupata kama nusu ya hapo, na pampu hula sehemu yake. Kinachobaki ni asilimia 6 au 7. Baridi ya Karatu wakati wa kipupwe husaidia kidogo upande wa kupoza, ila haibadilishi hesabu.

Ujenzi

Shimo huchimbwa kina cha mita 3 hivi, kingo zikiwa na mteremko, kisha sakafu hushindiliwa kwa udongo wa mfinyanzi na kutandikwa plastiki nzito isiyoharibiwa na joto, chumvi wala miale ya jua. Kazi hii haina nafasi ya kulipua. Tundu moja hupoteza chumvi, hupoteza joto, na huingiza chumvi kwenye udongo wa shamba la jirani.

Hatua ngumu zaidi ni kutengeneza tabaka la katikati. Tuseme ghala linatakiwa liwe mita 1.5 na tabaka la katikati mita 1.2. Kwanza bwawa hujazwa maji mazito ya chumvi hadi mita 2.1, yaani ghala lote na nusu ya tabaka la katikati. Kisha maji baridi huingizwa kwa kisambazaji, ambacho ni bomba lenye sahani mbili mwishoni, zinazoyalazimisha maji yatoke kwa ubavu bila kurusha juu wala chini. Kisambazaji huanza kwenye kimo cha mita 1.5 kutoka sakafuni. Kila maji yanapopanda sentimita 5, kisambazaji hupandishwa sentimita 10. Uso wa maji na kisambazaji hukutana kwenye mita 2.7, na nyuma yao kunabaki maji yaliyopungua chumvi kwa mpangilio toka chini hadi juu. Mwisho humiminwa maji baridi ya sentimita 30 juu kabisa.

Bwawa la vipimo hivi hula zaidi ya kilo 500 za chumvi kwa kila mita moja ya mraba. Likishajazwa huhitaji miezi miwili hadi mitatu ya jua kabla ya kufika nyuzi 70 na kitu.

Utunzaji

Chumvi hupanda yenyewe taratibu, kilo 15 hadi 20 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Mtunzaji hana budi kuirudisha chini kwa kuongeza maji mazito, na kuusuuza uso kwa maji baridi. Kila wiki huchukua sampuli kwa mrija katika vina mbalimbali, akapima joto na uzito wa maji. Palipo na vina viwili vyenye uzito uleule, tabaka limeanza kuvunjika na huhitaji kutiwa chumvi haraka.

Upepo ni adui wa pili, kwa kuwa mawimbi huchanganya tabaka la juu na la katikati. Dawa yake ni nyavu au mabomba ya plastiki yanayoelea. Adui wa tatu ni uchafu. Vumbi jekundu la Karatu wakati wa kiangazi, majani na mwani huzuia mwanga kufika chini. Mwani hutibiwa kwa mrututu, dawa ileile ambayo wakulima wa kahawa wameizoea, au kwa asidi kidogo.

Jua, maji na chumvi ya eneo hili

Eneo liko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo mchana haupungui sana msimu wowote, faida ambayo Texas na Transylvania hazina. Hata hivyo hali hubadilika upesi kwa mwinuko. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, unaozidi mita 2,200, hugubikwa na ukungu asubuhi nyingi na ni wa baridi. Mji wa Karatu ni wa kati. Bonde la Eyasi, lililo chini zaidi kwa karibu mita 500, ni la joto, kavu na lenye jua kali. Kwa bwawa, Mang'ola, iliyo katika bonde hilo, inafaa kuliko Karatu mjini, na Karatu inafaa kuliko ukingo wa kreta.

Maji ni shida kubwa kuliko jua. Maji yakikauka milimita 5 kwa siku, bwawa la mita za mraba 100 hupoteza lita 500 kila siku, sawa na madumu 25 ya lita 20, na bado hujasuuza uso. Katika vitongoji ambako akina mama na watoto hupanga foleni ya dumu moja kisimani, matumizi hayo ni magumu kuyatetea. Huko Mang'ola maji ya chemchemi yana wenyewe tayari, ambao ni wakulima wa vitunguu.

Chumvi inaonekana kuwa ya bure, lakini maziwa haya hayatoi chumvi ya mezani. Maji yake yana kabonati nyingi ya sodiamu, yaani magadi yanayotiwa kwenye maharage yaive upesi, yakiwa yamechanganyika na chumvi ya kawaida kwa viwango vinavyotofautiana. Ziwa Natron lina rangi nyekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi, na maji ya rangi hunasa mwanga juu juu kabla haujafika ghalani. Maji ya aina hiyo lazima yatulizwe na kusafishwa kwanza. Njia nyingine ni kununua chumvi ya pwani, toka Tanga, Bagamoyo au Lindi, au ya Uvinza mkoani Kigoma, na kulipia usafiri wake wote.

Tena si kila ziwa linaguswa. Ziwa Magadi la kreta liko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Natron ni ardhioevu inayolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2001, na ndiyo mahali pakuu pa kuzalia heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Linalobaki kufikiriwa kwa uzito ni pembezoni mwa Eyasi, huku wafugaji wa Kidatoga na Wahadzabe wanaoitegemea nchi hiyo wakishirikishwa tangu mwanzo.

Hesabu ya nyumba moja

Kundi la D1 la TANESCO ni la nyumba zisizotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, yaani uniti 2.5 kwa siku: taa, simu, redio, televisheni, labda na friji ndogo. Tuchukue nyumba hiyo, na jua la uniti 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku.

Katika kila sehemu 100 za mwanga, kama 30 hufika kwenye ghala. Nusu yake huvuja kupitia tabaka la katikati na kingoni, zikabaki 15. Mashine ikigeuza asilimia 6 au 7 ya hizo 15, umeme ni sehemu 1. Kila mita ya mraba basi hutoa uniti 0.05 kwa siku, na nyumba yetu ingehitaji mita za mraba 50. Lakini mashine ndogo hupoteza zaidi ya kubwa, na bwawa dogo huvujisha joto zaidi kwa kingo zake, kwa hiyo ni busara kuzidisha mara mbili: mita za mraba 100. Hapo chumvi ni zaidi ya tani 50, yaani lori la tani 10 lije mara tano na zaidi, na kila mwaka tani moja na nusu hadi mbili za nyongeza.

Paneli za sola zenye jumla ya mita za mraba 4 hutoa uniti hizohizo, zikikaa juu ya bati, bila maji, bila chumvi na bila pampu. Betri hununuliwa na hufa, ni kweli. Hata hivyo fundi wa sola anapatikana Karatu mjini, na wa turbini ya pentani itabidi atafutwe mbali. Kwa umeme wa nyumba moja, bwawa la jua halilipi.

Linapofaa

Mizani hubadilika kinachotakiwa kikiwa joto. Bwawa lilelile la mita za mraba 100, ambalo kabla ya upotevu wa ziada lingetoa uniti 5 za umeme, kwa hesabu hiyohiyo lingetoa uniti 75 za joto kwa siku. Ghala la mita 1.5 likipoa nyuzi 10 tu hutoa uniti 16 kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kuvuka wiki nzima na zaidi za mvua za masika bila kutegemea kuni.

Wateja wa joto la nyuzi 50 hadi 70 wapo. Hoteli na kambi za Karatu zinahitaji maji ya moto ya kuoga kila jioni, na katika nyingi kazi hiyo hufanywa kwa kuni au gesi. Vitunguu vya Mang'ola, ambavyo bei yake huanguka vikivunwa kwa pamoja, vinaweza kukaushwa kwa hewa ya moto. Kahawa ya mashamba ya Oldeani na Karatu huhitaji kukauka hata mawingu yakitanda. Kiwanda kidogo cha maziwa huhitaji maji ya moto ya kuoshea makopo. Hapo bwawa la mita za mraba 500 au 1,000, lenye mwenyewe anayelitunza kila siku, linaingia akilini. Likiwa kubwa hivyo na lina maji mazito ya chumvi karibu, turbini ya kufua umeme kwa kitongoji kizima inaweza kuongezwa, joto likiwa tayari linalipa gharama.

Hatari na taratibu

Uso wa bwawa hudanganya. Juu ni baridi, chini ni moto wa kuunguza, na mtoto anayetumbukia hukabiliwa na kuzama na kuungua kwa pamoja. Wanyama ni hatari nyingine. Katika msitu wa Ngorongoro, upande wa Karatu karibu na maporomoko ya Endoro, tembo na nyati wamechimba mapango kwa kutafuta udongo wenye madini. Bwawa la chumvi lisilo na uzio imara litawaita vilevile, na ng'ombe na mbuzi hawatakaa nyuma.

Mradi mkubwa hupitia tathmini ya mazingira ya NEMC kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Ndani ya hifadhi, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ndiyo yenye kauli. Mwekezaji pia aeleze mapema chumvi itapelekwa wapi siku bwawa likifungwa, kwa sababu tani 50 zikimwagwa kwenye shamba la ngano au mbaazi, shamba hilo limekwisha.

Mpangilio wa uamuzi basi unaeleweka. Mwenye nyumba anayetaka taa na friji aweke sola. Anayetaka maji ya kuoga aweke hita ya jua juu ya paa. Bwawa aachiwe mwenye eneo kubwa, maji ya uhakika, chumvi ya karibu, na shughuli inayokula joto kila siku ya mwaka. Huyo naye aanze kwa kuuza joto, na umeme aufikirie baada ya bwawa kukaa misimu miwili bila matabaka yake kuvunjika.